Nimekodi nyumba ya ufukweni San Diego mwezi Juni, sasa naambiwa hakuna jua

"Tunaishi Phoenix, Arizona. Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwishoni mwa Mei na ataondoka tarehe 20 Julai. Nimekodi nyumba San Diego, hatua chache tu kutoka ufukweni, kuanzia tarehe 10 hadi 16 Juni, nikijua huo ndio msimu wa joto wenyewe. Juzi mwenzangu kazini akaniambia mwaka jana walikaa huko siku tano mwezi huohuo, asubuhi zote ni ukungu, na siku mbili jua hawakuliona kabisa. Mume wangu anasema haiwezekani: huku kwetu Juni ni nyuzi 43, itakuwaje mwendo wa saa sita kwa gari watu wavae masweta? Mwenye nyumba anakubali nibadilishe tarehe bila gharama, mradi nimwambie kabla ya 20 Mei. Nibadilishe? Watoto wana miaka 5 na 9, shule zao hufunguliwa mwanzoni mwa Agosti. Na kingine: Mama ana pumu. Ukungu hautamdhuru?"

Dada, mwenzako hakukudanganya. Mumeo naye hajakosea kuhusu joto la Phoenix. Alichokosea ni kudhani kwamba joto hilo linaifukuza baridi ya pwani, kumbe ndilo linaloivuta. Nitalieleza hilo, kwa sababu ukilielewa utajipangia safari mwenyewe bila kumuuliza mtu. Ila kwanza nikupe jibu lako: kama juma linaloanza tarehe 10 Julai bado liko wazi kwa bei unayoimudu, hamia huko. Kama haliko, baki na Juni yako wala usilie, ila usiende ufukweni asubuhi.

Mei na Juni ndiyo miezi yenye mawingu mengi kuliko yote San Diego. Wageni hushangaa, kwa kuwa hali hiyo haimo kwenye picha za matangazo. Wenyeji wameizoea hadi wameipa majina ya utani. Ya Juni huitwa June Gloom, tuseme Juni ya kununa. Si mvua inayokuja, na si dalili ya kimbunga. Mvua ya Juni San Diego ni kama haipo. Utaona anga la kijivu kuanzia alfajiri, pengine na rasharasha nyepesi ya kulowesha vioo vya gari, kisha mchana anga linafunguka. Siku nyingine linafunguka saa nne asubuhi, siku nyingine saa nane mchana, na ziko siku ambazo halifunguki. (Saa zote humu ni za Kiswahili. Nasema mapema, maana kuna mtu aliwahi kufuata ushauri wangu akafika ufukweni saa nne usiku.)

Sasa chanzo chake. Wewe umekulia Tanga, na bahari unayoijua ni ya vuguvugu. Hata kipupwe kikikaza na kusi ikivuma, maji ya kwetu hubaki karibu nyuzi 25. Bahari ya California ni nyingine kabisa. Mkondo wake unateremka kutoka kaskazini, na juu yake upepo wa kaskazini-magharibi unavuma sambamba na pwani kwa miezi. Kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu yanayosukumwa na upepo huo hayaendi yanakosukumwa. Yanakengeuka kulia, yaani kuelekea bahari kuu. Yakiondoka, nafasi yake inajazwa na maji ya kilindini yanayopanda juu, na maji ya kilindini ni ya baridi. Ndiyo maana San Francisco wanaogelea kwenye nyuzi 13 au 14 wakiwa na nguo za mpira mwili mzima. San Diego iko kusini, kwenye ghuba iliyojikunja kidogo, kwa hiyo ina nafuu: mwezi Juni maji yake huwa nyuzi 18 au 19 hivi, Agosti yanafika 21. Watafiti wa Scripps, taasisi ya sayansi ya bahari iliyoko La Jolla, mtaa wa pwani wa San Diego, wamekuwa wakipima joto la maji gatini kwao kila siku tangu 1916, na katika miaka yote hiyo, kupita nyuzi 26 kama ilivyotokea Agosti 2018 lilikuwa jambo la kuandikwa magazetini. Kwetu hiyo ni bahari ya siku ya kawaida.

Hewa inayopita juu ya maji baridi inapoa, na unyevu wake unageuka matone madogo madogo: hilo ndilo wingu. Lakini wingu peke yake lingepanda na kutawanyika. Linalolizuia ni kifuniko. Juu ya Pasifiki ya kaskazini, wakati wa kiangazi, hukaa eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa. Ndani yake hewa inashuka kutoka juu, na hewa ikishuka inabanwa, ikibanwa inapata joto. Kwa hiyo unapata kitu cha ajabu: chini hewa baridi yenye unyevu, juu yake, mita mia tatu au mia sita tu, hewa kavu yenye joto. Sote tumezoea kwamba ukipanda juu baridi inazidi; hapa ukipanda unakuta joto. Hewa baridi ni nzito, haiwezi kuipenya ile ya joto, kwa hiyo wingu linabaki limebanwa chini kama mvuke chini ya mfuniko wa sufuria ya wali.

Hapo ndipo Phoenix yenu inapoingia. Jangwa likichemka, hewa yake inapanda na kuacha mgandamizo mdogo chini. Bahari ina mgandamizo mkubwa, jangwa lina mdogo; hewa inatoka kwenye mkubwa kwenda kwenye mdogo. Kwa maneno mengine, bara linavuta pumzi, na pumzi inayovutwa ni ile hewa baridi ya baharini pamoja na wingu lake. Kwa hiyo mumeo akisema "huku nyuzi 43", hiyo si hoja ya kupinga ukungu. Mara nyingi ni sehemu ya sababu yake. Milima iliyo kati yenu na pwani ndiyo inayowazuia ninyi msiipate hewa hiyo. Ikifika pale inagota.

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha wingu hili linakaa wapi. Mwaka 1855 waliwasha taa ya kuongozea meli juu ya kilima cha Point Loma, kwenye mlango wa bandari ya San Diego, mita 129 kutoka usawa wa bahari. Waliona wamefanya jambo la akili: taa ikiwa juu itaonekana mbali. Usiku wa anga safi ilionekana mbali kweli. Lakini wingu likija, taa ilikuwa ndani ya wingu, na manahodha waliokuwa chini hawakuona kitu, wakati wao wenyewe walikuwa na anga la kutosha mbele yao. Mwaka 1891 wakaizima, wakajenga nyingine chini karibu na maji. Mnara wa zamani bado upo na unaruhusiwa kuutembelea, watoto wataupenda. Na utaona kwa macho yako kwamba "ukungu" wa San Diego, siku nyingi, si ukungu hasa. Ni wingu lililolala chini. Ukiwa ufukweni liko juu ya kichwa chako, unaona mbali vizuri. Ukiwa kilimani uko ndani yake na huoni gari lililo mbele.

Wasomaji wangu wa Omani wataniuliza mbona siwataji. Kweli, jambo hili lina ndugu yake Salalah, mji wa jimbo la Dhofar kusini mwa Omani. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unaipiga pwani ya Dhofar, maji baridi yanapanda kutoka kilindini, hewa inapoa, wingu linabanwa na kifuniko cha hewa ya joto na kugandamana na milima. Ndiyo khareef, msimu wao wa ukungu na manyunyu. Tofauti ni kwamba watu wa Ghuba husafiri mamia ya kilomita kuufuata ukungu ule, wakae ndani yake wakinywa chai, wakati wewe unatafuta namna ya kuukwepa. Anayekimbia nyuzi 43 kama ninyi angeweza kuuona kuwa neema, lakini najua watoto hawatakubaliana nami.

Turudi kwenye ratiba, maana hapa ndipo faida ilipo. Watu hudhani jua linaliunguza wingu kutoka juu. Halifanyi hivyo, sehemu kubwa ya mwanga inagonga mgongo wa wingu na kurudi angani. Kidogo kinachopenya kinaipasha moto ardhi, ardhi inaipasha hewa iliyo karibu nayo, hewa hiyo inapanda na kuchanganyika na ile kavu ya juu, na wingu linakonda. Nalo linaliwa kutoka pembeni, kama mtoto anavyokula chapati. Pembezoni ni bara, mahali wingu lilipo jembamba. El Cajon, kama kilomita 25 kutoka baharini, jua linaweza kuwa limeshatoka saa tatu asubuhi, ilhali ufukweni watu bado wamejikunyata. Ufukwe ndio wa mwisho kufunguka, kwa sababu bahari haipati moto kama ardhi. Jioni ardhi ikipoa wingu linarudi, mara nyingi usiku, mara nyingine kabla ya jua kuzama.

Kwa hiyo siku yako ya Juni isianzie ufukweni. Asubuhi peleka watoto kwenye bustani ya wanyama au Balboa Park, bustani kubwa ya mji yenye makumbusho. Hali ya kijivu ni rafiki pale: hakuna jua la kuwachosha, na wanyama wengi hupenda kutembea kukiwa na ubaridi. Au panda gari uende bara, ule kifungua kinywa juani. Ufukweni fikeni saa saba au saa nane mchana, mkae hadi saa kumi na moja. Saa tatu au nne za jua kwa siku zinatosha sana kwa mtoto wa miaka mitano. Zikizidi hapo, ninyi wazazi ndio mtakaochoka. Nimeona familia nyingi zikifika saa mbili asubuhi na mwavuli, jokofu na viti, wakakaa wakitetemeka hadi saa tano, wakakata tamaa wakarudi nyumbani. Saa sita na nusu anga likafunguka, wao wamelala.

Julai ninaipendelea kwa sababu tatu, na moja tu ndiyo ya ukungu. Wingu la Julai kwa kawaida huondoka mapema kidogo kuliko la Juni, ingawa haliishi. Maji yanakuwa yameongezeka joto nyuzi moja au mbili. Unaona ni kidogo, lakini kati ya 18 na 20 ndipo mtoto anapoamua kuingia au kubaki akichezea mchanga. Na Mama atakuwa ameshapumzika safari. Gharama yake ni pesa na msongamano. Juma la tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, usiliguse. Nyumba zinapanda bei na hupati pa kuegesha gari. Mwishoni mwa Julai kuna tamasha kubwa la vibonzo linalojaza hoteli za mjini, lakini Mama atakuwa ameshaondoka. Ndiyo maana nasema tarehe 10 hadi 16. Ikiwa tofauti ya bei ni kubwa, sitakushauri ulipe. Hakuna anayeweza kukuhakikishia jua la Julai, na sijui mtaalamu mwaminifu anayeweza kutabiri mwezi Mei wingu la siku fulani ya Juni.

Mwezi bora wa pwani ile, kwa mtu asiye na watoto wa shule, ni Septemba. Maji yana joto la msimu mzima, na mara kwa mara upepo unageuka ukavuma kutoka jangwani kwenda baharini na kufagia mawingu yote. Nimekutajia kwa ajili ya mwaka ambao Mama atakuja kwa tarehe nyingine.

Siku tano kabla ya safari anza kuangalia utabiri, lakini usitegemee kile kipicha cha wingu kwenye simu. Kipicha kimoja kinawakilisha siku nzima, kwa hiyo asubuhi ya kijivu na mchana wa jua kali vyote vinaandikwa "mawingu". Angalia utabiri wa saa kwa saa. Bora zaidi, soma maelezo ya ofisi ya San Diego ya idara ya taifa ya hali ya hewa, National Weather Service, yanayotolewa bure kila siku. Wao hurusha puto la vipimo kutoka Miramar, palepale San Diego, alfajiri na jioni, na wanajua kifuniko kiko urefu gani. Tafuta humo maneno "marine layer", yaani ile hewa baridi ya baharini iliyo chini ya kifuniko, na namba ya futi iliyo karibu yake, ndiyo kina cha hewa hiyo. Kwa uzoefu wangu, ikiwa chini ya futi 1,000, ukungu utakuwa mzito alfajiri lakini utaondoka mapema. Ikiwa kati ya 1,500 na 2,000, subiri hadi mchana. Ikipita 3,000, wingu limejaa hadi milimani na huenda lisiondoke siku nzima. Hiyo ndiyo siku ya makumbusho. Kisha asubuhi yenyewe fungua picha za setilaiti. Utaliona wingu kama shuka jeupe, na ukirudisha picha za nusu saa nusu saa utaona linaliwa kwa kasi gani kuelekea kwako.

Mambo mawili ambayo wingu linawafanya watu wayasahau. La kwanza, miale ya jua inayounguza ngozi hupita kwenye wingu jembamba kwa kiasi kikubwa, bila wewe kusikia joto. Wapake watoto losheni ya jua hata kukiwa kijivu. Na ngozi nyeusi nayo huungua, haijalishi tulivyoambiwa utotoni. La pili ni maji yenyewe. Mtu aliyejifunza kuogelea Tanga akijitupa kwenye nyuzi 18 anashtuka, pumzi inakatika, na pale pale wimbi la Pasifiki linamfikia. Ingieni polepole. Mahali panapowafaa ni La Jolla Shores, penye mteremko mdogo, au ndani ya Mission Bay, ghuba iliyokingwa, ambako hakuna mawimbi na maji yana joto zaidi. Pale La Jolla Shores buruteni miguu mchangani badala ya kunyanyua, kwani taa hulala kwenye mchanga wa maji mafupi. Nasema taa yule samaki mwenye mwiba, si taa ya kilimani. Akichoma mtu, nenda moja kwa moja kwa waokoaji; wana maji ya moto kwa kazi hiyo. Kila mnapofika, kabla ya watoto kuvua viatu, muulize mwokoaji mkondo unaovuta kwenda baharini uko upande gani siku hiyo. Mimi nikiwa mbali siwezi kulijibu hilo, yeye analiona kutoka kwenye kibanda chake. Na Imperial Beach, kusini karibu na mpaka wa Mexico, pita mbali: maji taka ya mto Tijuana yameufanya ufukwe ule ufungwe kwa vipindi virefu.

Kuhusu Mama. Mimi ni mtu wa hali ya hewa, si daktari, kwa hiyo nitasema cha upande wangu tu. Ukungu wa bahari ni matone ya maji, si moshi. Hata hivyo, hewa ya baridi huwabana kifua baadhi ya wenye pumu, na tofauti atakayoipata ni kubwa: anatoka nyuzi 43 za Phoenix, saa sita baadaye yuko kwenye nyuzi 19. Kwa kweli ninachokihofia zaidi kwake ni mwezi wa Phoenix wenyewe. Hewa ya huko kiangazi ina vumbi na ozoni, gesi inayowasha mapafu, na hivyo viwili vinajulikana kuwa wabaya wa pumu. Siku ambazo tahadhari ya hewa chafu imetolewa, abaki ndani mchana. Amwone daktari wake kabla hajaondoka Tanga, amweleze safari yote, abebe dawa za kutosha hadi atakaporudi, maana kununua dawa Marekani bila bima ni maumivu mengine. San Diego asubuhi avae sweta na kujifunga mtandio puani akitoka nje, au abaki ndani na chai yake hadi saa sita. Pumzi ikimbana hadi hawezi kumaliza sentensi, au dawa ya kuvuta ikikosa kumsaidia, usisubiri ukungu uondoke: piga 911.

Njiani, ukitoka El Centro, barabara namba 8 inapanda milima hadi zaidi ya futi 4,000 kabla ya kushuka pwani. Mkipita pale asubuhi mnaweza kukutana na wingu likiwa chini yenu, mkaingia ndani yake mkiteremka. Punguza mwendo, washa taa za kawaida na si zile kali, kwa kuwa kali hugonga matone na kukurudishia mwanga machoni. Lakini kabla ya kuteremka tafuta mahali salama pa kusimama, mwonyeshe Mama. Bahari ya pamba, vilele vya milima vimechomoza kama visiwa, na juu yenu jua kali.

Mwandikie mwenye nyumba leo umuulize bei ya tarehe 10 Julai. Akisubirishwa hadi tarehe 19 Mei, atakuwa ameshampa mwingine.